Subaru kuburuzwa kwa mnyororo Kariakoo: uzoefu wangu na kampuni moja ya brekidauni

Nianze na alama: nyota sifuri. Kama sifuri hairuhusiwi basi moja, na hiyo moja ni ya dereva wao mmoja nitakayemfikia huko mbele, si ya kampuni. Jina la kampuni silitaji, maana wanaofanya kazi hivi si wao peke yao.

Kama gari ilistahili kuvutwa au la, silijadili hapa. Kariakoo ni Kariakoo. Mkokoteni mbele, guta nyuma, lori linashusha mzigo katikati ya mtaa mchana kweupe, na tangu mwendokasi ianze mwaka 2016 na kuchukua njia zake katikati ya Barabara ya Msimbazi, nafasi iliyobaki kwa gari za kawaida ni finyu kiasi kwamba moja ikisimama vibaya mtaa mzima unaganda. Brekidauni zinahitajika. Ushuru wa maegesho ni halali, faini ikija kihalali inalipwa. Hasira yangu yote iko kwenye jambo moja tu: walivyoinyanyua.

Gari ni Subaru Forester otomatiki, magurudumu yote manne yanavuta. Walipitisha mnyororo chini ya pua, wakainyanyua mbele, wakaondoka nayo magurudumu ya nyuma yakiwa kwenye lami, gia iko P, ile ya kuegesha, handibreki iko juu. Ufunguo ninao mkononi! Nimesimama hatua mbili kutoka kwa kijana wa mnyororo, namwambia, mdogo wangu, hii ni foo wili, ngoja nikufungulie uweke N iwe huru, au muite mwenzako mwenye gari la kitanda, lile la kubeba gari nzima mgongoni. Hata hakugeuka. "Mzee, gari ni gari. Usinifundishe kazi. Tutaonana yadi."

Haya, tuone kama gari ni gari.

IST, Passo, Vitz na nyingi za ukubwa huo zinavuta kwa mbele. Hizo ukinyanyua mbele na kushusha handibreki, nyuma zinabingirika bure kama toroli na hakuna kinachoharibika. Kwa gari za namna hiyo kijana wa mnyororo yuko sahihi, na nadhani ndiko alikojifunzia. Crown, Brevis na Mark II za kawaida zinavuta kwa nyuma. Ukinyanyua mbele, magurudumu ya nyuma yanazungusha difu, lile bonge la gia lililo katikati yao, difu inazungusha propela shafti, lile bomba refu chini ya gari, propela shafti inazungusha giaboksi kwa ndani. Hapo ndipo watu wengi hawajui kitu: pampu ya oili ya giaboksi otomatiki inaendeshwa na injini. Injini imezimwa, pampu imelala. Shafti na bushi za ndani zinazunguka bila oili kusukumwa. Mita mia mbili hakuna neno, kilomita kumi kwa mwendo wa barabara kuu ni habari nyingine. Ndiyo maana vitabu vya gari otomatiki huweka kikomo cha mwendo na cha umbali ukilazimika kuivuta magurudumu yanayosukuma yakiwa chini. Crown inatakiwa inyanyuliwe nyuma, au ibebwe yote.

Sasa foo wili. Kwenye Subaru otomatiki ya gia nne za kawaida, nyuma ya giaboksi kuna klachi ya sahani nyingi inayogawa nguvu kwenda magurudumu ya nyuma. Mbele ikiwa hewani na imefungwa na P, nyuma ikilazimishwa kuzunguka, sahani za klachi ile zinasuguana, upande mmoja umesimama na mwingine unakwenda, na oili haisukumwi. Zinachemka, zinaungua, zinaanza kushikana. Kwenye Vanguard na RAV4 za kizazi chake za foo wili kuna kuplingi ya umeme mbele ya difu ya nyuma, maumbile ni tofauti kidogo lakini agizo la kitabu ni lile lile: magurudumu yote manne yatoke chini. Ama gari ipande kitandani, ama ekseli ya pili iwekewe vile vigari vidogo vya magurudumu.

Na usiniambie kijana wa mtaani atajuaje. Anajua kusoma? Basi inatosha. Toyota wanaandika kwenye kibati kilicho chini ya boneti, na namba hiyo hiyo ya modeli iko kwenye kadi ya gari. Noah AZR60 inavuta mbele, AZR65 zote nne. Harrier ACU30 mbele, ACU35 zote nne. IST NCP61 mbele, NCP65 zote nne. Hataki kufungua boneti? Ainame aangalie nyuma. Akiona kichwa cha difu katikati ya magurudumu ya nyuma na shafti ndefu inayokuja kutoka mbele, asiguse mnyororo. Sekunde kumi. Forester ndiyo haina hata haja ya kuinama, kwa sababu zinazouzwa huku ni foo wili.

Kwa haki yao, niseme hili: kuna wakati kunyanyua haraka hakukwepeki. Gari imefunga njia ya zimamoto au imezuia basi la mwendokasi, mwenyewe hajulikani alipo, inyanyueni mtakavyo muisogeze mita hamsini. Hilo naliunga mkono kabisa. Lakini hapa mwenyewe yupo. Ufunguo upo. Anaomba kuwasaidia. Kumkatalia mtu asikusaidie kazi yako mwenyewe, hiyo si haraka, ni kiburi.

Rudi kwenye handibreki. Forester breki ya mkono inakamata nyuma. Kwa hiyo pale handibreki ilipozikamata tairi hazikubingirika, ziliburuzwa, na pale ilipozidiwa ndipo zikazunguka na kuisugua ile klachi. Tairi ikiburuzwa kwenye lami yenye joto la Dar inachongwa bapa sehemu moja, na sehemu hiyo hairudi kuwa duara. Utaisikia ukifika kilomita arobaini au hamsini kwa saa: gari inadunda kwa mpigo unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, na balansi ya magurudumu haiponyi. Tairi ni ya kutupa. Ungedhani basi hasara ni tairi mbili. Hapana. Mfumo huu unataka tairi zote nne zilingane, mzunguko wa tairi moja na nyingine usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Ukifunga mbili mpya nyuma na mbili zilizokwisha nusu mbele, zinazunguka kwa kasi tofauti, na klachi ile ile ya nyuma ya giaboksi inakuwa inasuguana siku nzima hata ukienda moja kwa moja. Kwa hiyo nne. Kijana kaburuza mbili, mwenye gari ananunua nne. Bei ya seti unaijua.

Halafu mnyororo wenyewe walipoufunga. Chini ya pua ya gari zinazotoka Japani kuna vishikio vya chuma vilivyochomelewa kwenye bodi. Vingi ni vya kufungia gari isitembee melini, vinavutwa kuelekea chini, havikutengenezwa kuvutwa kwenda mbele na kunyanyua uzito wa injini. Ukivitumia kunyanyulia vinapinda au vinang'oa bati vilivyochomelewa. Na mnyororo ukipanda kutoka hapo kwenda kwenye winchi unapita wapi? Unagandamiza bampa. Klipu za plastiki zinakatika, bampa inashuka upande mmoja, ukiwa na bahati mbaya na rejeta inaguswa. Sehemu sahihi ipo: kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha mraba au duara, unakibandua kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, ndani kuna tundu lenye uzi. Ndoano yake iko kwenye mfuko wa jeki na spana ya magurudumu, buti la nyuma. Unaikaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha unapitisha mpini wa spana kwenye tundu lake na kuikaza tena. Ikibaki nusu, uzi unang'oka na kichuma kizito kinaruka na kebo ya winchi. Watu wameumia kwa hilo.

Angalia leo kama ndoano yako ipo. Gari nyingi za mtumba zinafika mikononi mwetu jeki haipo, spana haipo, ndoano haipo. Eneo la Gerezani, jirani na Kariakoo, zinapatikana, ila usinunue kwa macho: uzi unapishana unene kati ya gari na gari, na za Volkswagen zinakazwa kwa kugeuza kushoto. Ipeleke gari, ijaribishwe palepale.

Nilisema kuna dereva mmoja. Kutoka yadi niliomba gari ipelekwe kwa fundi bila kuwashwa, wakaniletea lile gari lao la kitanda. Ndiyo, wanalo! Limeoshwa, linang'aa, limepaki kwenye kivuli. Dereva wake ni mtu mzima, hana maneno. Alizunguka gari nzima akipiga picha kwa simu yake kabla hajagusa chochote. Akafungua kifuniko cha bampa kwa kitambaa, akakaza ndoano kama nilivyoeleza. Akaweka mbao mbili kwenye mwanzo wa kitanda ili bampa isikwaruze wakati wa kupanda. Akahakikisha stelingi haijajifunga, akaweka N, akashusha handibreki mwishoni kabisa, winchi ikiwa imeshaanza kushika, gari isirudi nyuma. Kebo ilivutwa taratibu. Ilipofika juu akaweka P na handibreki, akafunga mikanda juu ya tairi zenyewe, zote nne, si kwenye shokapu wala kwenye mikono ya chini. Mikanda ikikaza tairi, springi za gari zinabaki huru na gari inapumua juu ya mashimo bila kunyofoa kitu. Mkanda ukifungwa kwenye bodi, kila shimo linaugonga. Kazi safi. Ile nyota ni yake, na ningekuwa mkarimu ningempa tano.

Kwa muda nilitaka kulainisha maneno yote ya hapo juu. Kampuni yenye mtu wa namna hii, nikasema, labda nimekutana na kijana mbovu mmoja tu. Kisha nikamuuliza yule mzee kwa nini hakutumwa yeye Kariakoo. Akanijibu kwa upole kwamba gari la kitanda ni la wateja wanaopiga simu. Wanaokamatwa mtaani wanachukuliwa kwa mnyororo, kwa sababu mnyororo dakika tatu umeondoka, kitanda ni robo saa na kinahitaji nafasi ya mbele na ya nyuma, na timu ya mtaani hesabu yake ni idadi ya magari.

Kwa hiyo wanajua. Hilo ndilo lililonichemsha upya. Ujinga unasameheka, unafundishika. Hawa wanajua kabisa foo wili inabebwaje, wana chombo, wana mtu, ila ujuzi huo ni wa wenye kupiga simu. Ile moja nairudisha. Sifuri kwa kampuni, na mzee atafute kazi pengine, watu kama yeye wanatafutwa.

Sasa ya kufanya, maana huu mji hautatuacha.

Wakikukuta na gari haijanyanyuliwa, toa ufunguo mapema na taja maneno haya kwa sauti, simu ikirekodi: foo wili, otomatiki, ibebwe. Mimi nilisema bila kurekodi, na yadini ikawa neno langu na lao. Wakisema hawana kitanda, omba angalau waweke N na kushusha handibreki, angalau tairi zitapona. Subaru za zamani za otomatiki zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi pale taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi na nguvu ya nyuma inakatwa. Mafundi wengine watakuambia hiyo inatosha kuvutwa. Haitoshi, kwa sababu swichi ya ufunguo iwe imewashwa ndipo ikate, na pampu bado imelala. Inafaa kwa kusogeza tu, si kwa safari ya kwenda yadi.

Betri imekufa na gia haitoki P? Pembeni ya leva kuna kitufe kimeandikwa SHIFT LOCK, au kifuniko kidogo cha plastiki. Bandua kifuniko, ingiza bisibisi nyembamba au ncha ya ufunguo, bonyeza chini huku ukikanyaga breki, sogeza leva kwenda N. Vijana wa mnyororo wakiambiwa gia haitoki ndio wanaburuza, kumbe kitufe kiko chini ya kidole.

Yadini usikimbilie kulipa. Zunguka gari kwanza, piga picha za bampa, za vishikio vya chini, na za tairi za nyuma mzunguko mzima. Sogeza gari kidogo ili uone sehemu iliyokuwa imelalia sakafu, maana bapa hupenda kujificha hapo. Fomu ya kuchukulia gari ina sehemu ya hali ya gari, na wao hupenda kuiacha wazi au kuandika "nzuri". Andika mwenyewe ulichokiona kabla ya sahihi, nawe upige picha fomu. Kinachokwenda serikalini kinalipwa kwa kumbukumbu namba, deni la maegesho unaliangalia kwa namba ya gari kupitia *152*00#. Kinachokwenda kwa kampuni, gharama ya kuvuta na ya kulaza gari, kidaiwe risiti ya EFD. Ukiambiwa tuma kwenye namba ya simu ya mtu, hapo huna ushahidi hata wa kulalamika. Na bima ndogo isikupe matumaini, hiyo inalipa uliowagonga, si tairi zako. Mwenye bima kubwa aripoti mapema, kabla gari haijaguswa na fundi.

Ukiwa na shaka na giaboksi, usianze na kuifungua. Injini ipate moto, P, pima ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, injini ikiwa inaunguruma. Rangi ya kahawia na harufu ya kuungua ni dalili mbaya. Nyekundu safi ni nafuu. Subaru hizi zina vijiti viwili, kimoja cha ATF na kingine cha oili ya difu ya mbele, na kuna mafundi wanaovichanganya, wanapima kimoja na kujaza kingine, hapo umeongeza ugonjwa wa pili. Baadaye tafuta uwanja mkavu wa lami, kata stelingi mpaka mwisho, zunguka polepole kwa D bila kukanyaga mafuta. Gari isiyo na ugonjwa inazunguka laini. Iliyoungua klachi inashikashika, inaruka kama imepigwa breki. Chomeka ile fyuzi ya FWD urudie: kushikashika kukiisha, bado kuna nafasi, kubadilisha ATF kunaweza kusaidia. Kusipoisha, huenda sahani zimeshikana. Kumbuka ukifungua nati ya chini inatoka nusu hivi ya oili yote, nyingine imebaki ndani, hasa kwenye tokiu konveta iliyo kati ya injini na giaboksi, kwa hiyo kumwaga mara moja si kubadilisha. Mwaga, jaza, endesha kidogo, rudia mara mbili tatu.

Yangu inashikashika. Ikiwekewa fyuzi inatulia, na fundi kasema tumwage ATF kwanza tuone. Kampuni nimeipelekea picha zote na bei ya tairi nne, wamejibu kwamba suala langu "linashughulikiwa" na kwamba kuhusu tairi mbili za mbele hawaoni zinawahusu vipi. Nimewajibu kwa maelezo ya milimita 6. Wakilipa nne nitakuja kuandika moja badala ya sifuri. Mbili hawapati, hata wakilipa na giaboksi.